Mate ya Luhende kwenye Utando

Luhende Masolwa aliziba pancha Sikonge kwa miaka ishirini na sita, kwenye kijiwe chake mkabala na ghala la tumbaku. Wabeba asali waliotoka porini na baiskeli waliviamini vidole vyake. Tundu lililoshindikana kuonekana hata kwenye beseni la maji, yeye alilipata kwa kulamba kidole na kukipitisha juu ya tyubu. Mate yakitoa povu alicheka: "Huyu hapa mwizi wa upepo."

Hapo ndipo Dkt. Elieth alipomkuta, akivuta kipande cha mpira. Elieth alikuwa mtafiti Tabora mjini, na tatizo lake lilikuwa hilohilo la kuvuta. Kazini kwake, mpira ulivutwa, juu yake ukatandazwa utando mwembamba mno wa polima, aina ya plastiki, kisha mpira ukaachiwa. Mpira ulirudi, utando ukashindwa kufupika nao, ukajikunja kwa mistari myembamba kiasi kwamba unywele mmoja ungefunika zaidi ya mia. Mistari ikilala sawasawa, mwanga uliipiga ikatoa rangi za upinde wa mvua bila tone la wino. Elieth alitaka iwe lakiri, muhuri wa chupa za asali usioghushika. Lakini wanafunzi wake walivuta upande mmoja kuzidi mwingine, na rangi zilitoka mabaka.

Pale kijiweni Luhende alivuta mara moja tu, na mpira ukakaa sawa pande zote.

"Fundi, twende Tabora," Elieth alisema. "Tukipata mnunuzi nitakuombea ajira ya kudumu. Utavaa koti jeupe."

Luhende akampa Kulwa, mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, benchi, beseni na pampu.

"Na ukirudi, kaka?" Kulwa aliuliza.

"Nirudi kufanya nini? Kuchungulia matundu na wewe?"

Watu wote kijiweni walicheka. Kulwa hakucheka.

Kwa miezi minane Luhende alivuta mpira, na rangi zikatoka safi. Kisha akaja Abdulatifu, mfanyabiashara wa asali wa mjini, kujionea mwenyewe kabla ya kukubali kununua lakiri hizo. Luhende aliazimwa koti la Elieth, likambana mabegani. Akauvuta mpira kwenye fremu chini ya hadubini, akautandaza utando. Kabla ya kuuachia, akaona kidoa kidogo cheusi. Elieth alikuwa amegeuka, akizungumza na mgeni. Kidole cha Luhende kikaenda mdomoni chenyewe, kikarudi na kugusa utando.

Utando ukanywa mate, ukavimba. Pale palipoguswa pakachipuka vijia vilivyopindapinda kama njia za mchwa chini ya gome.

"Ala!" Abdulatifu alisema. "Asali yangu mnaitia mate ya mzee?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Uso wa Elieth uliiva kwa aibu.

"Samahani sana, Alhaji. Huyu tumemtoa porini, tunamtumia kuvuta tu."

"Mwalimu, niliona tundu."

"Ni vumbi! Hii siyo baiskeli. Nyamaza."

Luhende akabaki ameishika fremu, maana hakuna aliyemwambia aiachie.

Abdulatifu, aliyekwisha kuinuka, aliinama kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu. "Hii alama, mnaweza kutengeneza nyingine ileile?"

Elieth alidondosha tone la maji kando yake. Vijia vikatokea, lakini vyenye mipindo mingine kabisa.

"Hatuwezi," alisema polepole. "Kila moja itakuwa na njia zake, kama alama ya kidole."

"Basi hiyo ndiyo lakiri yangu. Mistari iliyonyooka, mjanja atajifunza kuinyoosha. Mipindo hii ataiiga vipi?"

Walipeana mikono. Luhende alitabasamu, meno yote nje.

"Kumbe mate yangu yametuokoa, Mwalimu."

"Maji yanatosha, fundi."

"Na kuvuta?"

Elieth alimtazama kama aliyekuwa amemsahau. Alama zilizovurugika hazikuhitaji mpira uliovutwa sawa. Hazikuhitaji mpira kuvutwa hata kidogo.

"Hakuna haja ya kuvuta tena," alisema kwa upole. "Koti liache pale kwenye msumari."

Aliporudi, Sikonge walimpokea kwa shangwe.

"Shikamoo, daktari!" Kulwa aliita. "Koti umelifua?"

Luhende aliomba nafasi kwenye benchi lililokuwa lake. Kulwa alimwacha asimame kwanza mpaka wateja wote wamwone, kisha akampa kazi ya kushika pampu.

Mwaka uliofuata alikuja mbeba asali mwenye pancha, na chupa mbili kwenye kapu. Juu ya kila kifuniko palikuwa na lakiri yenye vijia vilivyopindapinda. Kulwa aliizungusha tyubu majini mara tatu, asione povu. Luhende akainama, akalamba kidole.

Kulwa akamdaka mkono.

"Hifadhi mate yako, mzee. Hapa tunatumia maji."

Kijiwe kizima kilicheka. Luhende akafuta kidole kwenye suruali, akachukua beseni, akaenda kubadilisha maji.