Mzee Hamed Yuko Hai: Masikio Mapya ya Tovuti ya Mlandege

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maduka ya Mlandege bado yamefungwa. Ndani ya kibanda cha kutengenezea redio, Ubwa Khelef (63) anavaa hedifoni, anazungusha kitufe taratibu na kufumba macho. Dakika tano zinapita. Anazivua, anampa mkewe.

"Sikiliza wewe," anasema. Uso wake umechoka kabla siku haijaanza.

Kwa miaka kumi na minne fundi huyu ameendesha, bila kulipwa na mtu, tovuti inayoorodhesha masafa yanayosikika Unguja: meli zinazokaribia bandari, vituo vya nchi za mbali, na watu wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi tu. Wasomaji kama mia nne huifungua kila mwezi. Ufundi humpa shilingi elfu kumi na mbili siku ikiwa njema. Tovuti haimpi hata ya sukari.

Sharti lake ni moja. Haongezi wala hafuti kituo mpaka awe amekisikiliza mwenyewe asubuhi tatu mfululizo.

"Mtu akinambia kasikia, nnamwambia ahsante, lakini ntasikiliza mwenyewe," anasema. "Ndiyo maana wananiamini."

Ubishi huo ulimjengea jina, na ndio uliomponza. Tangu Januari alifuta vituo kumi na moja, kimoja baada ya kingine, akiandika mbele ya kila kimoja: "Kimya." Miongoni mwao alikuwemo Mzee Hamed wa Pemba, ambaye kila asubuhi hurusha jina lake hewani kwa milio mifupi na mirefu. Wasomaji wakaanza kutuma rambirambi.

Kisha ikaja barua pepe ya marehemu mwenyewe: "Bwana Ubwa, mie mzima. Kila siku nnapiga, na watu washataka kunisomea hitma!"

Ubwa hakucheka. Alimwita mkewe, Bi Zuleikha, akamvalisha hedifoni. "Kuna kitu kinalia ti-ti-ti," mkewe akamwambia. Ubwa mwenyewe alikuwa akisikia mvumo mtupu.

Daktari alithibitisha: usikivu wa masikio yote mawili umepungua, na hautarudi.

"Nilidhani redio zinanyamaza," anasema, akitazama mikono yake. "Kumbe mie. Sasa nani ataiamini orodha ya kiziwi?" Inauma kumsikia akijiita hivyo. Wiki mbili hakuigusa tovuti, na alikusudia kuifunga.

Aliyemzuia ni Bi Zuleikha. Hajui hata herufi moja ya milio ile, lakini ana masikio na ana kidole.

Sasa, hedifoni kichwani, anagonga mgongo wa mkono wa mumewe kila anachosikia: kifupi, kifupi, kirefu. Mzee Hamed, bahati njema, hupiga polepole. Ubwa anafumba macho tena, midomo ikitaja herufi.

"H… a… m… e… d." Anafumbua macho. "Ni yeye. Yupo."

"Si nlikwambia?" anajibu mkewe, kwa sauti kubwa ili asikike. "Haya, andika. Bado kumi."

Asubuhi tatu zimetimia. Ubwa anapanga kutafuta wasikilizaji wengine, kutoka Chwaka hadi Mbweni, ili orodha isitegemee tena kichwa kimoja. Kwanza anaandika tangazo: "Mzee Hamed hakunyamaza; vile kumi vingine tunavisikiliza upya. Asiyesikia nilikuwa mimi."

Halafu anamrudisha Mzee Hamed mahali pake. Kwenye safu ya "Aliyesikia", ambayo kwa miaka kumi na minne imekuwa na jina moja tu, anaandika: Zuleikha.