Udi wa Mwisho wa Zamoyoni

Bi Mwamvua, jirani yangu hapa Usagara, hana kifua cha mkaa tena. Amepika udi wa sukari maisha yake yote, na moshi umemla pumzi. Mume wangu Hosea, fundi wa pasi na majiko, akamtengenezea chetezo cha umeme, zawadi.

Wiki hiyo Khadija alikuwa ndani, mwali anayesubiri ndoa. Ni binti wa Zamoyoni, mdogo wake Bi Mwamvua, aliyefariki mtoto akiwa bado anatambaa. Udi aliopika marehemu ulibaki vipande viwili ndani ya kopo la maziwa. Bi Mwamvua aliutunza kwa siku hii tu, binti afukizwe kwa mkono wa mamake.

Chetezo, loo, kilikuwa na moto mwingi. Alipokijaribu kwa udi wa kawaida, sukari ikanuka kuungua. Mwingine angemwita fundi. Yeye akawaza kipishi: makaa yakizidi unayatoa, moto unapoa. Akachomoa plagi, akakata nusu ya waya wa koili, akaufunga upya, akaweka kipande cha kwanza cha Zamoyoni. Kiliteketea hata dua haijaisha.

Nilimkuta sakafuni amekumbatia kopo, na kusema kweli nilimkasirikia kabla ya kumhurumia.

"Dada, fundi yuko nyuma ya ukuta."

"Niliona haya, Dorkasi. Mtu kanipa zawadi, nikamwambie ina kasoro?"

Watu wa pwani na haya zao, watakuja kufa nazo.

Hosea akaja na mita. Mwanamume haingii kwa mwali, basi akafanyia kazi barazani.

"Volti mia mbili thelathini, mkondo ampea moja," akasema. "Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani, omu mia mbili thelathini. Ukizidisha unapata nguvu, wati mia mbili thelathini. Mimi nilikupa wati mia na kumi na tano, Bi Mwamvua. Umeongeza moto mara mbili."

"Nimepunguza waya, mwanangu."

"Waya huu ndio unaozuia umeme. Ukiufupisha, umeme unapita kwa wingi."

Akarudishia kipande kilichokatwa, akaunga na waya mwingine, mpaka ukinzani ukafika omu mia tisa na ishirini. Mita ikasoma robo ampea. Akazidisha kwa volti, akapata wati hamsini na saba na nusu.

"Nusu ya moto wangu wa mwanzo," akasema. "Na siku nyingine uniambie. Mimi si mkweo."

Bi Mwamvua akacheka mpaka akakohoa. Lakini tulipoingia ndani na kile kipande cha mwisho, alinipa kopo nimshikie.

Ilikuwa alasiri, pazia limeshushwa, chumba kinanukia asmini na hina mbichi. Udi haukuungua. Ulilainika polepole, ukatoa moshi mwembamba uliopanda bila haraka, nami nikahisi usingizi mtamu, kama nimelazwa kwenye nyumba nisiyoijua na mwenyewe yupo jikoni anaimba. Bi Mwamvua alivuta pumzi ndefu, na kifua hakikumkataza.

Khadija, ambaye sura ya mamake haikumbuki hata kidogo, alifumba macho. Kisha akasogea pembeni kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa.