Kuni za Kuua za Keumbu

Saa mbili asubuhi, jua linagusa rundo la kuni kando ya barabara ya Keumbu, na Bathsheba Mokeira anapasua gogo la mkaratusi kwa shoka. Juu yake bango linawatangazia wapita njia kwa herufi nyekundu: DEADLIEST FIREWOOD.

Kwa faida ya waliosinzia darasani, firewood ni kuni, na neno hilo la kwanza la Kiingereza lina maana ya "zenye kuua kuliko zote". Lilianza na dead, yaani mfu, likapewa mkia wa -ly karne nyingi zilizopita, kisha -est, mkia wa kuwashinda wengine wote. Lakini hili la Keumbu lilizaliwa mwezi Machi, na wazazi wake wote wawili wako hai.

Mzazi wa kwanza ni Bathsheba. Alimwagiza mchoraji wa mabango aandike the driest, yaani kavu kuliko zote. Mzazi wa pili ni huyo mchoraji, Ogari, aliyesikia "dedriest" akaingiwa na huruma.

"Nikiwa Nakuru walinicheka sana, ati sisi Wakisii kila L ni R," anasema. "Nikaona huyu mama ni mtu wetu, wacha nimsitiri. Nikamrudishia L yake."

"Na hiyo siku nilikuwa nimeitamka sawa," anasema Bathsheba.

Mwanzoni bango lilileta vicheko tu. Waendesha boda wakamwita Mama Deadliest. "Mmoja aliniuliza kama kuni zangu zinauma," anasema. "Nikamwambia ashike aone."

Kisha shule moja ya bweni ya wasichana, ambayo mpishi wake hulia kwa moshi kila siku, ikajaribu kuni zake. Ziliwaka bila moshi. Mwalimu mkuu akakubali kununua kwake kila wiki, kwa sharti moja: neno lile lifutwe kabla gari la shule halijaja kupakia.

"Aliniambia, 'Mama, wazazi wakiona gari yetu chini ya hiyo neno, nitawaambia watoto wanapikiwa nini?'"

Gari linakuja leo mchana. Bathsheba huuza fungu kwa shilingi hamsini, na binti yake Nyangate yuko nyumbani tangu muhula uanze, kwa kukosa karo. "Nikipata hii kazi, anarudi shule. Nikikosa, tunapasua kuni wawili."

Ogari amefika na ngazi na makopo ya rangi. Leo hatozi kitu. Neno la kuua, pamoja na mwenzake, limekwisha kufunikwa kwa rangi nyeupe.

"Sasa niandike kavu kuliko zote?" anauliza kutoka juu. "Ama kuriko?"

"Ogari, shuka nikuoneshe kuriko."

"Nauliza tu, mama."

Bathsheba anaegemea shoka, anafikiri. "Andika KUNI KAVU. Hapo huna mahali pa kunisitiri."

Herufi ya mwisho inapokamilika, anarudi nyuma hatua chache, anatazama bango, kisha barabara ya kutokea shuleni.

"Kuni zimekauka kitambo," anasema. "Sasa tunangoja rangi."