Joto la Kiganja

Tonton, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa redio mtaani Mangobo, nami ndiye niliyemwingiza kwenye mchezo wa kurusha roketi ndogo. Tulizitengeneza kwa mabomba ya plastiki, na ndani tuliweka kifaa cha kupima joto na mgandamizo wa hewa, kilichotuma namba hadi kwenye kompyuta yangu.

Kila siku ya kurusha, tulivuka mto asubuhi kwenda kuzirushia upande wa Lubunga. Kabla ya kukifungia kifaa ndani ya roketi, tonton alikifumbata kiganjani, kisha akaniita kutoka ng'ambo ya uwanja: "Iko?"

Kwenye kompyuta niliona joto likipanda. "Iko, tonton!"

Tabia hiyo iliniudhi. Nilimwambia mara ngapi aache, anatuharibia vipimo! Alicheka tu. "Bon, utajua namna gani kama iko muzima?" Nikifika nyumbani nilifuta ile mistari ya mwanzo, ya joto la mkono wake, ili grafu iwe safi.

Msimu wa mvua homa ilimwondoa duniani ndani ya siku tatu. Baada ya matanga nilifungua mafaili yote. Kote nilikuwa nimemfuta, isipokuwa katika faili la mwisho, ambalo sikuwahi kuligusa. Digrii ishirini na nne. Ishirini na saba. Thelathini na mbili. Joto linakaa hapo kidogo, kisha linashuka, pale alipofumbua mkono.

Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini nilijibu kwa sauti.

"Iko, tonton."