Kokoto za Ruth

Nyandwi wa Temple Hills, Marekani, ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona uchafu akaufumbia macho. Hata kanisani, mahubiri yakiendelea, yeye huokota vikaratasi chini ya viti. Basi kampuni yao ya bustani ilipopewa kazi ya kutengeneza upya makaburi ya kale ya Wayahudi, njia zimebomoka na miti imejifia, hakusubiri kuagizwa. Aliona kokoto zimewekwa juu ya mawe ya makaburi. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikomzika mwanawe Elie, kaburi lenye vijiwe na majani lilimaanisha marehemu hana mtu. Akazifagia safu nzima, akazimwaga kwenye msingi wa njia mpya, akaridhika kabisa.

Kesho yake akaja mzee Ethan, aliyefiwa na mkewe, Ruth. Alipapasa juu ya jiwe la kaburi la mkewe, akalikuta tupu, akaanza kulia. Wainaina, msimamizi wao, alikwenda kumuuliza, akarudi uso umemshuka. Kumbe kwao kila anayezuru kaburi huacha kokoto. Zile ziliwekwa na watoto wa Ruth na wajukuu.

"Mathee, mama yangu, nyamaza tu," Wainaina alimnong'oneza Nyandwi. "Tutasema ni upepo. Wakijua ni wewe, watakufuta job."

"Upepo gani wa kubeba mawe? Ni mimi niliyeyatoa. Twende umwambie hivyo hivyo."

Mwingine angeuchuna kimya. Nyandwi alijikaza, akasema yote, Wainaina akitafsiri huku jasho likimtoka. Kisha akapiga magoti, akaifukua njia kwa mikono. Mzee aliketi kando yake akizichambua kokoto. Chache alizitambua, nyingi hazikutambulika.

Hizo Nyandwi hakukubali zifukiwe tena. Aliwasihi waliochora ramani ya kazi hiyo mpaka wakaongeza bakuli kubwa la jiwe kando ya njia, limejaa kokoto hizo, kwa ajili ya kila anayekuja mikono mitupu. Mimi nampenda sana mama huyu.

Siku ya kumaliza kazi, Ethan aliuliza kama naye ana mtu wake aliyelala. Nyandwi akamtaja Elie, na kwamba huko sasa hakuna wa kumfagilia kaburi. Mzee akachukua kokoto bakulini, akaiweka juu ya jiwe la Ruth.

"Anasema hii ni ya Elie," Wainaina alitafsiri. "Anasema Ruth alipenda watoto sana."

Nyandwi alilia bila kujificha. Kisha jani kavu likadondoka juu ya jiwe lile. Akaliondoa kwa ncha za vidole, taratibu, asije akaigusa kokoto.