Sabuni Niliyoikata Milola

Jamani, leo nafua nikakumbuka sabuni ilivyotaka kunitoa kazini!

Enzi za ujamaa nilikuwa muuzaji wa duka la kijiji, Milola. Miche ya sabuni ilidoda. Wengi hawakumudu mche mzima.

Nikaikata vipande, nikavipeleka kisimani kwa wanaofua.

Wakaanza kuvigombania. Mara mwenyekiti wa kijiji huyo, amefura.

"Shikamoo mzee."

Akavinyooshea kidole vile vipande.

"Nani kakuruhusu? Umekuwa mlanguzi?"

Nikamwonyesha kipande kimoja.

"Bei ni ile ile, mzee. Nimeigawa tu kwa vipande."

Akavikagua kimoja kimoja. Nikajua kazi sina.

Ndipo mkewe, povu hadi viwikoni, akaita: "Baba Hamisi, nilipie hicho kikubwa!"

Akalipa, hanitazami.

Kesho yake mwenyekiti mwenyewe akaniletea meza ya kuuzia kisimani.

Nyie mngethubutu?