Kidole Alichozika Mama

Ndugu yangu alinikata kidole gumba kwa panga la kupogolea chai, na sitasema ilikuwa bahati mbaya. Tulikuwa tunapogoa shamba la marehemu baba huku Kimulot, kila mtu na mistari yake. Akadai nimeingia kwake. Nikamwita mwizi. Nikaweka mkono juu ya kichaka kumwonyesha mpaka, naye akashusha panga huku anatazama.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Yangu iliruka hadi kwenye shati lake. Nilimpiga teke la tumbo, akaanguka, nikamkanyaga kifua mpaka majirani wakanivuta. Wasingefika, mmoja wetu angezikwa wiki hiyo.

Kilichozikwa ni kidole. Mimi nikipakiwa kwenye pikipiki, mama alikiokota, akakifunga kwa leso yake ya kanisani, akakifukia nyuma ya nyumba. Alipotufuata hospitalini, daktari alimwuliza kidole kiko wapi.

"Nimezika, daktari. Hiyo ni nyama ya mtoto wangu. Ningeachia mbwa?"

Daktari akatueleza kwamba kingefungwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa kwenye mfuko, na mfuko ukawekwa juu ya barafu, angejaribu kukirudisha. Nilimtukana mama mbele ya wagonjwa. Bila gumba huchumi chai, hukamui ng'ombe. Lakini tusi lile linaniuma hadi leo kuliko panga.

Kidonda kilipopona, daktari alinikata kidole cha pili cha mguu, akakishona mahali pa gumba, mshipa kwa mshipa. Alinionya kwamba kinaweza kufa. Siku tano manesi walikuja kukitazama rangi, nami nikaogopa kuliko nilivyoogopa panga. Hakikuwa cheusi. Nililia.

Nyumbani mama alinipa unga wa kukanda kila asubuhi ili kidole kipate nguvu. Hakuwahi kutaja lile tusi.

Siku hizi natania watu kwamba nikiwasalimia nawapiga teke. Ndugu yangu hacheki. Jumapili, baada ya ibada, hunipa mkono kwa sababu mchungaji anatutazama, nami namfinya kwa hicho kidole mpaka uso wake ukunjike.

"Imetosha," mama huniambia. "Mwachilie."

Namsikia. Huwa nafinya tena kidogo.